Riwaya Zinaposomwa kwa Sauti: Maoni kutoka Kabungu

Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea wasomaji wetu orodha za istilahi pamoja na hoja za kuzitetea. Safari hii tunaomba radhi kwa kuleta jambo lenye sura nyingine kidogo, yaani maoni yetu juu ya riwaya chache tulizozisoma, na nyingine tulizozisikiliza, katika majuma matatu tuliyokaa Kabungu, Mkoa wa Katavi. Msomaji atakayekuwa na subira ataona kwamba hatukuikimbia kazi yetu, kwa kuwa istilahi zilitufuata hadi huko.

Tulikwenda Kabungu kukusanya maneno ya warina asali. Kata hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Mpanda, na sasa imo katika Wilaya ya Tanganyika. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Huko ni nchi ya Wabende, ambao leo wanaishi pamoja na Wasukuma na wengine wengi waliohamia kwa kilimo na mifugo. Na katika mkoa huohuo yako makazi ya Katumba na Mishamo, wanakokaa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Kwa wakazi wengi wa huko Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini hakikuwa lugha ya kwanza kuisikia walipozaliwa. Twataja hayo mapema kwa sababu yanahusu sana tutakayoyasema.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa miaka sabini na ushei, ambaye presha ya macho imemnyang'anya karibu nuru yote. Sanduku lake la vitabu lingalipo chini ya kitanda, ila yeye hawezi tena kulitumia. Riwaya zamfikia sasa kwa simu ya mkononi ya mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, ambaye hurushiwa na wenzake sauti zilizorekodiwa. Mwalimu hakuliona hilo kuwa jambo geni. Alitukumbusha kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, wakati watu wazima walipokaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti na wengine wakajadili. Yeye mwenyewe, akiwa mwalimu kijana, aliongoza kikundi kama hicho. "Kitabu na redio vilikuwa ndugu," alisema. "Mnaowatenganisha ni nyinyi wasomi."

Jioni ya kwanza tulisikiliza rekodi ya riwaya moja ya pwani, inayohusu wachukuzi wa bandarini. Hatutaitaja, kwa kuwa kosa tutakalolieleza si la mwandishi. Rekodi ilianza kwa muziki, kisha sauti nzuri ya kiume ikaingia moja kwa moja katika hadithi. Jina la mwandishi halikutajwa. Jina la anayesoma halikutajwa. Mchapishaji naye hakutajwa. Dakika chache baadaye Mwalimu aliinua mkono.

"Simamisha hapo, mama. Amesema boti?"

"Ndiyo, Babu."

"Kitabuni hakuna boti. Kuna tishali. Fungua sanduku."

Msichana alivuta sanduku, akatafuta kitabu, akaupata ukurasa. Lilikuwa tishali kweli. Tukaendelea kusikiliza huku kitabu kikiwa wazi mbele yetu, na katika sura ile moja tu tuliona maneno zaidi ya kumi yamebadilishwa, karibu yote yakiwa maneno ya pwani au ya kazi ya bandari. Tena ukurasa mmoja na nusu haukusomwa kabisa. Nao ulikuwa ukurasa ambao wachukuzi wanakaa kivulini na kupigiana hesabu za ujira wao.

Pengine mtu atauliza: je, lipo dhara gani? Tishali na boti si vyombo vya majini vyote viwili? Hapa ndipo inapotupasa kusimama kidogo. Tishali ni chombo kipana, kizito, kinachovutwa, ambacho hupokea shehena kutoka katika meli iliyotia nanga nje na kuileta gatini. Maana yake ni kwamba gunia moja hubebwa mara mbili, kwanza kutoka melini hadi ndani ya tishali, kisha kutoka katika tishali hadi nchi kavu. Mtu asiyelijua neno hilo, akilikuta katika riwaya, hulazimika kuuliza, na akishajibiwa huelewa kwa nini migongo ya wachukuzi imepinda. Anayeambiwa boti haulizi kitu. Anapita. Na akipita hapo, halafu asisikie hesabu za ujira zilizorukwa, kinachomfikia ni kisa cha mapenzi kilichotokea karibu na bahari.

Kitabu kilichopigwa chapa kina adabu zake. Kikifupishwa, huandikwa kwamba kimefupishwa. Kikisahihishwa, huitwa toleo jipya. Maneno magumu huwekewa faharasa mwishoni, wala hayaondolewi. Rekodi ile ilikuwa toleo jipya lililofupishwa, bila mhariri na bila tangazo, na waliokuwa wakilipokea ni watu wasioweza kulilinganisha na kitabu. Kijijini, nakala ya kitabu chenyewe ni adimu, na kwa mzee asiyeona hata nakala iliyopo chini ya kitanda chake ni kama haipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina mengi ya kusema juu ya jambo hili, lakini hayo tunawaachia wanasheria. Letu sisi ni maneno.

Na maneno yenyewe yametuchanganya. Hadi sasa kitu hiki kinaitwa kwa majina mengi, na kila jina lina kilema chake. Wapo wanaosema "kitabu sikivu", bila ya kukumbuka kwamba usikivu ni sifa ya yule anayesikia: mtoto msikivu ni yule anayetega sikio na kutii. Kitabu sikivu kitakuwa basi ni kitabu kinachotusikiliza sisi, na tungependa sana kukipata. Wapo wanaosema "kitabu sauti", kwa kuunganisha nomino mbili, njia ambayo lugha yetu inaikubali, ila hapa haielezi kama sauti hiyo inatoka kitabuni au inaingia. Vijana wa Kabungu wanasema "odio" na wanaelewana. Sisi twaona "kitabu cha kusikiliza" latosha. Ni refu, tunakiri, lakini hata mama anayepukuchua mahindi hahitaji kufafanuliwa.

Hata hivyo jina la kitu kizima si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba jina moja linafunika vitu vitatu. Kuna riwaya iliyosomwa, yaani neno kwa neno, tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna riwaya iliyosimuliwa, ambayo mtu ameisoma, akaielewa apendavyo, kisha akaieleza kwa maneno yake. Kuna riwaya iliyoigizwa, yenye sauti za watu wengi, milango inayofungwa na mvua inayonyesha, kwa desturi ambayo wasikilizaji wa Redio Tanzania waliijua zamani. Yote matatu ni halali. Hadithi zetu zilisimuliwa kabla hazijaandikwa, na hakuna msimuliaji wa paukwa-pakawa aliyewahi kushitakiwa kwa kubadili neno. Kinachotukera ni cha pili kuuzwa kwa jina la cha kwanza. Lau rekodi ile ingejitangaza kuwa ni riwaya iliyosimuliwa, Mwalimu angeisikiliza kwa sikio jingine, na sanduku lisingevutwa.

Vivyo hivyo kwa yule anayesoma. Rekodi nyingi humwita "msimulizi". Neno hilo wahakiki wetu wamekwisha kulipa kazi nyingine, nayo ni ile sauti iliyomo ndani ya riwaya yenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, kina msimulizi wake. Kijana aliyekaa mbele ya kinasa sauti akimsoma huyo hawezi kuwa msimulizi tena, vinginevyo tutakuwa na wawili. "Msomaji" nalo halitoshi, maana ni jina la kila mmoja wetu afunguaye kitabu. Tumefikiria "msomeaji", yaani anayewasomea wengine, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe, kila alipotaka hadithi, hakusema "nisikilize", alisema "nisomewe". Litapingwa na wale watakaotuambia kwamba kusomea ni pia kusomea udaktari au uhandisi. Pingamizi hilo tunalijua, na bado hatujapata jibu lake.

Tangu jioni ile Mwalimu alizikataa rekodi, akataka asomewe kutoka katika vitabu tulivyokuwa navyo. Tulikuwa tumechukua vitatu vya kusoma wenyewe kitandani, pamoja na kimoja tulichokuwa tukikirudia. Majirani walikuja kwa udadisi, wakaendelea kuja. Hivyo ndivyo riwaya tulizodhani twazijua zilivyopimwa upya, kwa sikio la watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuzionea haya.

Ya kwanza ilikuwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku mashuleni. Tulikuwa tukiamini, pamoja na wahakiki wengine, kwamba Kiswahili cha kitabu hiki ni kikavu. Tulikosea. Ukikisoma kwa sauti utaona kwamba sentensi zile fupi ni za mtu anayejua mahali pa kuvuta pumzi. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, si pwani, na Kiswahili chake ni cha watu wa bara, kisichotafuta mapambo. Kilisikika Kabungu kama kilichoandikwa hapohapo. Zakaria alipompiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, mikono iliyokuwa ikimenya karanga ilisimama. Mzee mmoja alisema baba alikuwa na haki. Mkewe hakumjibu, lakini kesho yake alikuja kusikiliza peke yake. Kwa maoni yetu udhaifu wa riwaya hii u katika nusu ya pili, ambapo maovu yanamfuata Rosa kwa kasi inayomfanya msikilizaji aache kumwonea huruma na aanze kuyahesabu.

Nagona ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1990, ilitushinda. Tuliisoma kurasa kumi na mbili hivi, tukaiacha. Kwa macho ni kitabu cha ajabu, ambacho tumekirudia mara nyingi. Kwa sauti, mazungumzo yake yasiyo na majina ya wazungumzaji yanavurugika, na ukimya, ambao ni jambo kuu humo, hausomeki. Msomeaji akinyamaza, wasikilizaji hudhani amepoteza mstari. Pengine msanii hodari angeweza, sisi hatukuweza.

Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, msichana wetu aliomba asome yeye sehemu za Yasmin na Mwajuma, sisi tusome zilizobaki. Alizisoma bila kuiga sauti ya mtu yeyote, na hilo linastahili kusifiwa, kwa maana tumesikia rekodi ambazo mwanamume akifika kwenye maneno ya mwanamke huibana koo hadi wasikilizaji wacheke, hata kama anayesema analia. Adam Shafi hahitaji msaada huo. Wahusika wake wanatambulikana kwa jinsi wanavyosema: Mwajuma hawezi kuchanganywa na Yasmin hata taa ikizimwa. Filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 ina uzuri wake wa macho, lakini haina nafasi ya porojo, mizaha na maneno ya kuchokozana, ambayo kwetu ndiyo nyama ya riwaya hii. Siasa za Denge na wenzake, kwa upande mwingine, zinarefuka mno zikisomwa kwa sauti. Tuliona watu wakipiga miayo, na mmoja akaenda kufunga mbuzi waliokuwa wamekwisha kufungwa. Lakini kuchoka kwa sikio si ruhusa ya kukata. Tulizisoma zote. Mbuzi wakafungwa mara mbili.

Hapa tuseme neno juu ya matamshi, kwani jambo hili chapa inalificha na sauti inalifichua. Mjukuu wa Mwalimu, kama vijana wengi wa kizazi chake, alisoma "samani" palipoandikwa "thamani", na jirani mmoja akadhani kwamba wanaozungumzwa wanagombania viti na meza. Sisi wenyewe tulisoma "mahari" kwa haraka likasikika "mahali". Makosa haya hayana uzito mkubwa nyumbani kwa mtu. Katika rekodi itakayosikilizwa na maelfu, na ambayo kwa wengi wao itakuwa ndiyo mwalimu wa lugha, yana uzito. Wanaorekodi wangefanya vyema kumtafuta mtu wa kuwasikiliza kabla hawajasikilizwa na wengine.

Ya mwisho ilikuwa Peponi. Hii ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake. Yeye alizoea kumhesabu tajiri huyo kuwa mjomba wake, na mwenzake Khalil ndiye anayemzindua: mtu huyu si mjomba, ni Seyyid. Kwa wenye kazi kama yetu ni mfano wa kutunzwa. Istilahi moja ya udugu ikiondolewa na ya heshima ikiwekwa mahali pake, mtoto anajitambua kuwa ni mali ya mtu.

Katika Kiingereza Gurnah aliyaacha maneno kadhaa ya Kiswahili jinsi yalivyo. Mnyapara ni mojawapo, washenzi ni jingine. Humo yanasimama kama mawe mtoni, kila mtu anayaona. Tulipokuwa tukisoma peke yetu Dar es Salaam, tulijisemea kwamba katika tafsiri mawe hayo yamezama, kwa kuwa sasa maji yote ni Kiswahili. Tuliandika hivyo hata pembeni mwa kitabu. Kabungu palitusahihisha. Mnyapara kweli lilipita kimya, maana ni neno la kawaida kwa yeyote aliyewahi kufanya kibarua. Lakini msafara wa Aziz ulipoanza kwenda bara, kuelekea ziwa na ng'ambo yake, na watu wa pwani walipoanza kuwasema wanaowakuta njiani, jirani mmoja aliuliza kwa upole kabisa:

"Hao washenzi ni akina nani?"

"Ni sisi," Mwalimu akajibu.

Hakuna aliyecheka. Ziwa ni lao. Karema, kituo kilichoanzishwa mwaka 1879 na Chama cha Kimataifa cha Afrika cha mfalme wa Ubelgiji na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, imo katika mkoa wao, na misafara ya pembe na watumwa haikuwa kitu cha kusoma tu kwa babu zao. Tulishawishika, tunakiri, kulilainisha neno hilo katika kurasa zilizofuata. "Wenyeji" lilikuwa tayari ulimini, na hakuna ambaye angejua. Ndipo tulipomwelewa, bila ya kumsamehe, yule aliyesema boti palipokuwa na tishali. Huenda naye alitaka kuwarahisishia watu. Tukasoma "washenzi", kila lilipotokea, na tulipofunga kitabu usiku ule majirani walibaki hadi saa nne wakibishana, si juu ya matusi ya wafanyabiashara, bali juu ya Yusuf: kama mtoto aliyewekwa rehani naye ana haki ya kuwaita wengine hivyo. Hatukumbuki kuona uhakiki wa riwaya hii uliouliza swali hilo.

Tafsiri yenyewe tunaipongeza. Inasomeka kwa sauti bila kumkwaza msomaji, na huo ndio mtihani tulioufanya.

Istilahi tulizozitaja zitapelekwa mbele ya kamati kwa utaratibu wa kawaida, na maoni ya wasomaji juu ya "msomeaji", hasa ya wanaolipinga, yatapokewa kwa shukrani. Mwalimu ametuomba tumwachie Peponi. Tulipomwambia kwamba siku moja huenda ikapatikana rekodi nzuri, iliyosomwa yote, alisema atangoja. Kwa sasa mjukuu atamsomea, na akikosea atamrudisha ukurasa.